Mahali pa Saba katika Filamu ya Siwema

Kitendawili nakutegea wewe hapo uliyeshika karatasi, usimtazame jirani: ametoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, amevaa kandambili, hakusafiri, hakuoa mji wa pili, hakufa, na hakurudi. Ni nani?

Umesema mlevi? Mlevi hurudi, hata kama anarudi nyumba ya jirani. Umesema mbunge baada ya uchaguzi? Huyo hakutoka na kandambili. Haya, umeshindwa, nipe mji. Huo siutaki, una mashimo. Nipe nchi nzima. Nipe ile iliyo nyuma ya milima na mbele ya mabango, nisiyoitaja jina kwa sababu jina lake hubadilishwa kila ikipata mkuu mpya, mpaka madaftari ya watoto yametoboka kwa kufutwa. Nimeipokea. Nimekaa ndani yake na mkeka nimetandika. Sasa sikia jibu: huyo ni mwananchi aliyechelewa.

"Aliyechelewa" ndilo neno la sheria huko. Katika nchi hiyo hakuna mtu anayepotea. Kupotea kulifutwa mwaka uleule walipofuta njaa na mbu. Mtu akichukuliwa na watu asiowajua kwa gari asilolijua, ndugu zake wakaenda kituoni kulia, hawafukuzwi hata kidogo. Wanakaribishwa benchi, wanapewa maji, kisha wanaandikiwa Cheti cha Uchelewaji, chenye picha ya ndege anayerudi kiotani. Aliyetajwa kwenye cheti hicho haruhusiwi kuliliwa, maana kumlilia mtu aliyechelewa ni kumkatisha tamaa. Anahesabiwa kwenye sensa. Na siku ya uchaguzi waliochelewa ndio wa kwanza kupiga kura, kabla hata vituo havijafunguliwa, na wote humpigia Baba Mlezi wa Taifa, bila kuharibu karatasi hata moja. Raia wazuri sana, ungewaona. Lakini ndio hivyo, hawaonekani.

Shomari bin Kaduma alikuwa fundi baiskeli. Siku moja mkuu wa wilaya alikuja mtaani kwao kuzindua zahanati. Zahanati ilikuwa na kibao kizuri, na mlango mzuri, na ua lililochorwa ukutani. Watu wakapiga makofi. Shomari akanyoosha mkono mweusi wa grisi, akauliza, "Mheshimiwa, dawa zitaletwa lini?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka mpaka akajifuta macho. Akamwomba Shomari jina lake, la baba yake, na nyumba anayokaa, ili ampelekee jibu mwenyewe.

Siku ya tisa, asubuhi, Shomari alitoka kununua mkaa makopo mawili. Akachelewa. Mpaka hadithi yetu inaanza alikuwa amechelewa kwa miaka minne na miezi miwili, na maharage aliyoyaacha mama yake jikoni siku ile hayakuiva.

Mama huyo ndiye Bi Mize. Majirani walipoona wiki tatu zimepita, walifanya kama wanavyofanya watu: mwenye mchele alikuja na mchele, mwenye jamvi na jamvi, mwalimu wa madrasa akaja na vijana wake na misahafu. Hawajakaa vizuri, mjumbe wa nyumba kumi akaingia na karatasi. Akasoma kwamba hakuna maiti, hakuna msiba, na kwa hiyo mkusanyiko huo ni sherehe isiyo na kibali. Watu wakanyanyuka na mchele wao kichwani, kila mtu akarudi nao kwake. Bi Mize akabaki na jamvi moja lililosahauliwa. Tangu siku hiyo mwanamke yule hakuwa amefiwa wala hakuwa na mtoto. Alikuwa katikati, kama mtu aliyekwama mlangoni na mlango umemfungia nguo.

Sasa, Baba Mlezi alialikwa ugenini, akaonyeshwa filamu ya wenyeji wake. Akaona milima yao inavyong'aa, akarudi nyumbani na wivu. Akatangaza redioni kwamba mwaka ule ni Mwaka wa Picha: kila mwenye kamera aionyeshe nchi, na Wizara ya Mandhari itamsaidia kupata mahali pa kupigia picha, na hakuna afisa yeyote atakayemfungia mpiga filamu mlango wowote.

Siwema, dada yake Shomari, alikuwa msusi. Alikuwa amemshika mteja kichwa wakati redio inasema "mlango wowote". Akaacha kitana kimesimama kwenye nywele za watu, akatoka.

"Na huku je?" mteja akalia. "Umenisuka upande mmoja!"

"Lala na huohuo," Siwema akajibu akiwa barabarani. "Narudi."

Alikwenda kwa Pazi, aliyekuwa anapiga picha za video kwenye maharusi. Kamera ya Pazi ilikuwa imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, mpira aliofungiwa na Shomari mwenyewe, na haikujua kutazama kitu kingine zaidi ya masinia.

"Siwema, mie napiga harusi," Pazi akasema. "Namjua bwana harusi, namjua bibi harusi, naijua pilau. Basi."

"Utapiga matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya mtu aliyekatazwa matanga."

Pazi akaitazama kamera yake, akautazama ule mpira. "Wachezaji?"

"Mama atakuwa mama. Mimi nitakuwa dada. Wewe nyuma ya kamera. Majirani watakuwa majirani, wamezoea."

"Na Shomari atakuwa nani?"

"Shomari hatumhitaji mtu," Siwema akasema. "Filamu nzima hayupo."

Filamu wakaiita *Ametoka Kununua Mkaa*. Ilikuwa na mahali saba, na Siwema alitaka kupita pote, kutoka jikoni kwa mama yake mpaka pale njia ya Shomari ilipoishia. Shida ni kwamba mahali patatu pa mwanzo alipajua. Panne pa mwisho hakuna aliyepajua, isipokuwa wale ambao hawaulizwi swali.

Wizara ya Mandhari ilikaa kwenye jumba lenye madirisha mia mbili, ambayo mia na arobaini yalikuwa yamechorwa. Siku waliyokwenda, Waziri alikuwa anawahutubia wapiga filamu wote wa nchi, yaani Siwema na Pazi, kwa kipaza sauti, katika ukumbi wa viti mia sita.

"Wananchi!" Waziri alisema. "Wako watu wenye macho machafu wanaosema nchi yetu ina mahali pabaya. Napenda kutamka, na kutamka tena, na nikishatamka nitasisitiza, kwamba nchi hii haina mahali pabaya! Kuna mahali ambapo bado hapajatazamwa kwa upendo. Kazi ya kamera ni upendo. Kamera isiyo na upendo ni nini? Ni bunduki! Na bunduki, ndugu wananchi, tayari tunazo za kutosha."

Pazi akapiga makofi peke yake, kwa kuwa Siwema alikuwa anajaza fomu.

Fomu ilipokewa na mzee mmoja mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, kalamu nyekundu mfukoni. Cheo chake kiliandikwa mlangoni: Afisa Mkuu wa Usahihi. Wenzake walimwita Bwana Nukta, kwa sababu hakuna sentensi iliyopita mbele yake bila nukta yake. Aliwahi kulirudisha tangazo la kifo cha mama mkwe wake kwa sababu ya koma.

"Mahali pa nne umeandika gari," Bwana Nukta alisema. "Gari si mahali."

"Mhusika amekaa ndani yake, bwana."

Akafikiri, midomo inacheza. "Kama amekaa ndani, ni mahali. Pakubaliwe." Akafungua ukurasa mwingine. "Hii ni hadithi ya kubuni?"

"Ya kubuni kabisa."

"Vizuri. Kubuni ni ruksa. Kukosea ndiko marufuku. Unajua mimi nilikuwa nafanya nini kabla ya kuletwa hapa? Miaka kumi na mmoja nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu, katika ofisi isiyo na kibao. Kila kilichofanyika, nilikuwapo, nikaandika. Saa, mahali, nani alisimama wapi. Jioni wanakichoma kitabu mbele yangu, kesho napewa kipya." Akaifuta kalamu kwa leso kama mtu anayemfuta mtoto pua. "Miaka kumi na mmoja, binti. Hakuna aliyesoma hata mstari. Lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kosa."

"Hongera, bwana," Siwema akasema.

"Ahsante," Bwana Nukta akasema, na wallahi alifurahi. Nadhani ilikuwa hongera yake ya kwanza.

Baada ya siku kumi na nne skripti, yaani maandishi ya filamu aliyoyaacha pamoja na fomu, ilirudi. Siwema aliipokea mlangoni kwa mama yake, akaifungua amesimama, kisha akakaa chini kwenye kizingiti.

Alikuwa ameandika kwa kubahatisha, kama mtu anavyopaka rangi ukuta asiouona. Sasa kila ukurasa ulikuwa na wino mwekundu, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima:

*Gari halikuwa jeupe. Lilikuwa la kijivu, taa ya kushoto imevunjika.*

*Hawakuwa watatu. Walikuwa wanne, na dereva hakushuka.*

*Hakupiga kelele. Alisema, "Subirini niweke mkaa chini."*

Na chini ya kila ukurasa, muhuri wa Wizara: TUKIO HILI HALIKUTOKEA. SAHIHISHA KAMA ILIVYOONYESHWA.

Siwema akasoma ule mstari wa mkaa mara ya pili na ya tatu. Bi Mize akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wamekataa?"

"Hawajakataa, mama."

"Mbona umepauka?"

Siwema akamsomea. Bi Mize hakulia. Alisema tu, "Ndiye huyo. Mkaa hawezi kuumwaga huyo, nilimpiga kwa ajili hiyo akiwa mdogo." Akarudi jikoni.

Na hapa ndipo msusi alipoelewa kile ambacho maprofesa wa nchi ile hawakukielewa. Bwana Nukta ukimwuliza, hajui kitu, hakuona kitu, hakuwapo. Lakini ukikosea mbele yake, anaumwa. Uwongo wa serikali aliuvumilia vizuri sana, ulikuwa na muhuri. Kosa la mtu wa kawaida lilimwasha kama upupu.

Kwa hiyo Siwema akaanza kukosea.

Mahali pa tano aliandika: *Mhusika anapelekwa kituo cha polisi cha sokoni.* Ikarudi: *Si kituoni. Gereji iliyo mkabala na kiwanda cha soda, mlango wa nyuma. Alikaa siku mbili.* Wizara, kwa kuwa ilikuwa imeahidi mlango wowote, ikaambatanisha kibali cha kupigia picha hapo, pamoja na maelekezo ya wapi jua linaangukia vizuri saa nne asubuhi.

Walikwenda. Lokesheni, ndivyo watu wa filamu wanavyoita mahali pa kupigia picha. Fundi mkuu wa gereji alikisoma kibali kwa kukigeuzageuza, akawaonyesha chumba cha nyuma. Kilikuwa na pete ya chuma ukutani.

"Hii ya nini?" Pazi akauliza.

"Ya kufungia mbwa," fundi akasema.

"Mbwa yuko wapi?"

Fundi akautazama mlango. "Amechelewa," akasema, akatoka nje, na hakurudi mpaka wao wameondoka.

Mahali pa sita Siwema aliandika gereza. Ikarudi: *Si gereza. Gereza lina daftari. Ghala la mahindi la ushirika, upande wa magharibi. Siku kumi na moja.* Na kibali, na muhuri, na jua.

Walipofika ghalani, rangi ilikuwa bado mbichi. Mlinzi, mama mmoja mnene aliyekuwa anachambua mchicha kwenye ungo, aliwaambia kwa fahari, "Wamepaka jana kwa ajili yenu. Wametujia na gari zima la chokaa."

Pazi akawasha kamera, akaizungusha chumbani kama anatafuta sinia, kisha akaishusha.

"Siwema. Tazama walivyopaka."

Ukuta ulikwenda juu kabisa, kimo cha watu watatu, mchafu wa vumbi la mahindi la miaka. Rangi mpya ilianzia sakafuni na kuishia pale kinapofika kichwa cha mtu aliyekaa. Chumba kizima, mkanda mweupe, urefu huo mmoja. Siwema akasogea, akapitisha vidole. Chini ya chokaa ukuta ulikuwa umekwaruzwa. Mikwaruzo mirefu, mifupi, mingine ya herufi. Vidole vyake, vilivyozoea kutafuta njia kwenye nywele za watu bila kutazama, vikasoma mahali pamoja S, na H, kisha chokaa ikawa nene.

"Msiiguse, haijakauka!" mlinzi akapiga kelele. "Mtaniharibia kazi!"

"Samahani, mama," Siwema akasema. Alitembea na kile cheupe vidoleni mpaka nyumbani, hakukiosha siku hiyo.

Nikutegee kingine ukipumua? Nyumba yangu ina vyumba saba, sita nimeoneshwa kwa taa, cha saba wenye taa wameizima. Hicho huna haja ya kunipa mji, unakijua. Ni mahali pa saba. Pale filamu inapoishia.

Siwema akaandika kwamba Shomari alitupwa mtoni. Ikarudi na maneno mawili: *Si sahihi.* Akaandika jalalani. *Si sahihi.* Akaandika msituni, akaandika mgodini, akaandika kwamba aliachiwa akavuka mpaka na sasa anauza spea za baiskeli nchi ya jirani. Hiyo ya mwisho aliiandika huku anaomba, skripti yote mezani na mikono juu yake. Ikarudi: *Si sahihi.*

Bwana Nukta alikuwa ameshtuka. Mwandishi wa kumbukumbu si mjinga. Alikuwa ameona kalamu yake inavyovutwa. Hakusahihisha tena. Siwema akimwona kwenye korido, mzee anageuka kusoma tangazo la ukuta, hata pasipokuwa na tangazo.

Kwa hasira Siwema akaandika ukurasa wa mwisho mara ya mwisho, mbaya kuliko yote. Aliandika kwamba mtu yule alitupwa kifudifudi shimoni, mikono imefungwa, bila shuka, bila neno hata moja kusemwa juu yake, kama mzoga wa punda.

Ukurasa ule ulirudi hauna neno. Ulikuwa na nukta moja nyekundu katikati, kubwa, pale ambapo kalamu iliwekwa ikasahauliwa hadi karatasi ikalowa.

Kwenye karatasi nyingine iliyobanwa juu yake Waziri mwenyewe alikuwa ameandika mwisho mpya, kwa kuwa filamu ilikuwa inacheleweshwa, na katika nchi ile kuchelewa ni kwa watu tu. Mahali pa saba patakuwa Bustani ya Wizara. Mama mzee anakuja bustanini. Anamkuta afisa mwenye kofia, anamwuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Afisa anatabasamu na kujibu, "Mama, mwanao amechelewa tu. Taifa zima linamsubiri pamoja nawe." Kisha njiwa.

"Sichezi huo upuuzi," Siwema akamwambia mama yake.

"Utacheza," Bi Mize akasema. "Au tuseme nitacheza mimi. Huyo mwenye kalamu atakuwapo?"

"Lazima awepo. Anakagua."

"Basi nitolee kanga yangu ile nzuri."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linaangukia vizuri. Bustani ilikuwa na majani ya plastiki upande wa barabarani na majani ya kweli upande wa choo. Wizara ilikuwa imeleta njiwa wanne kwenye tenga. Afisa mwenye kofia angechezwa na jirani yao muuza mayai ya kuchemsha, mtu mwenye tumbo zuri la kiserikali.

"Mama, simama hapo," Pazi akasema. "Haya, tunaanza!"

Muuza mayai akapiga saluti. Alipiga kwa mkono wa kushoto.

"Simamisha!" Bwana Nukta akanyanyuka kwenye kiti chake. "Mkono wa kulia."

Wakarudia. Safari hii saluti ilikuwa ya kulia, lakini kofia ilikaa upogo na nembo inatazama sikio. Bwana Nukta akanyanyuka. Mara ya tatu muuza mayai alisema "Taifa lote" badala ya "Taifa zima", na mara ya nne alisema "Mama, mwanao amepotea", akajishika mdomo, akaanza kulia kwa woga, akavua kofia na kuiweka juu ya nyasi na kurudi nyuma kuikwepa kama imeota meno.

"Haiwezekani," Bwana Nukta akasema. "Haiwezekani kufanya kazi hivi." Akaiokota kofia. Akaipangusa. Akaivaa, nembo mbele, vidole viwili juu ya nyusi, sawasawa kabisa kama kanuni inavyotaka, akaja kusimama mbele ya Bi Mize na kupiga saluti. "Nitasema mimi. Piga."

Pazi akabonyeza. Kamera ilikuwa inakwenda.

"Mwanangu yuko wapi?" Bi Mize akauliza, kama ilivyoandikwa.

"Mama, mwanao amechelewa tu. Taifa zima linamsubiri pamoja nawe."

Kila neno lilikuwa mahali pake. Njiwa wakafunguliwa, mmoja akaruka, watatu wakatembea.

"Vizuri," Pazi akasema, na kwa mazoea akaongeza, "Sasa mama, mara nyingine, tabasamu kidogo."

Bi Mize akamtazama Pazi mpaka Pazi akainamisha macho kwenye kamera. Kisha akamgeukia mwenye kofia, akamsogelea hatua moja, maana alikuwa mfupi na alitaka kumwona usoni.

"Baba," akasema, "wameniambia wewe hukosei."

"Hayo hayamo kwenye skripti, mama."

"Najua. Mwanangu huyu binti, ukurasa wake wa mwisho ameandika kaka yake alitupwa kifudifudi. Mzoga wa punda. Nimeusoma. Silali."

"Ukurasa huo haukupitishwa."

"Sikuulizi kama umepitishwa. Nakuuliza kama ni sahihi."

Bwana Nukta akaweka mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati, penye kalamu. Hakuitoa. Siwema alikuwa amesimama kando, mikono yote miwili imeshika skripti.

"Mama, mwanao amechelewa tu," Bwana Nukta akaanza, "Taifa..."

"Taifa liache lipumzike, mwanangu. Tuko wawili." Bi Mize alisema taratibu, kama mtu anayemwuliza mtoto ameweka wapi kisu. "Mie nimemzaa, nimemwosha, nimemlaza miaka kwa mikono hii, najua alivyopenda kulala. Siku ile sikuwapo. Wewe ulikuwapo, na uliandika. Walikichoma kitabu, haya. Lakini kichwa chako hawakukichoma. Mimi ni mama tu, sina ofisi, sina gari, sitakufanya kitu. Nataka kujua moja. Mlimlaza ubavu gani?"

Barabarani lilipita gari la matangazo likiimba sifa za Baba Mlezi, likafika kona, likapotea. Mmoja wa wale njiwa alikuwa amepanda juu ya mguu wa kamera. Muuza mayai alikuwa ameziba masikio. Bwana Nukta alisimama wima, kidevu juu, saluti bado imeshikwa. Na mkono ule wa saluti ukaanza kushuka wenyewe, kidogo kidogo, ukaivua kofia, ukabaki nayo kifuani.

"Wa kulia, mama," akasema. "Uso niliuelekeza kibla. Mikono walikuwa wameifunga, niliifungua. Shuka haikuwapo, niliweka koti langu. Nyuma ya kiwanda cha matofali cha zamani, hatua kumi na saba kutoka kwenye tanuri la mwisho, upande wa jua linakochomoza. Nilihesabu mara mbili."